Javas, Endiro, 1000 Cups au Kisenyi: Jumamosi saa tano tukale wapi?

Sisi ni marafiki wanne hapa Kampala. Sista, ambaye ni muuguzi, hutoka zamu ya usiku Jumamosi saa mbili asubuhi. Kwake yeye mlo wa saa tano ni chakula cha jioni: anataka viazi, nyama, kisha kitanda. Afande ameshakunywa chai kwa mihogo tangu saa kumi na mbili, kwa hiyo ikifika saa tano anataka kahawa tu na mtu wa kubishana naye. Mama Bukavu duka lake la vitenge amemwachia mdogo wake, na mdogo wake hajui bei, basi saa sita na nusu lazima awe njiani. Mimi ni Mmombasa, nafundisha Kiswahili, na kila Jumamosi natafuta mahamri na mbaazi za nazi katika mji usio na mbaazi za nazi. Nikikosa, namalizia hasira kwenye mayai.

Wenye nazo mlo huu wanauita branchi. Sisi twauita chai ya saa tano. Tulikuwa tukienda palepale kila wiki mpaka Mama Bukavu akachoka, ndipo tukaamua kuzunguka katikati ya Kampala tuone pengine pakoje. Tulitazama chakula, kahawa na bei, na kwa sababu Afande na mimi ni Waislamu tulitazama pia ni nani anachinja. Lakini baada ya mizunguko miwili mitatu niligundua kwamba ugomvi wetu haukuwa juu ya chakula hata kidogo. Ulikuwa juu ya kukaa. Kuna mikahawa ya kula na kuna mikahawa ya kukaa, na mtu akiichanganya atarudi nyumbani amenuna ingawa ameshiba.

Tuanze na Café Javas, maana ndiyo jibu la kwanza la kila mtu Kampala ukimuuliza. Ni ya papa hapa Uganda, ya kampuni ya Mandela ambayo pia ina vituo vya mafuta vya City Oil, ndiyo sababu baadhi ya matawi yake yamekaa ubavuni mwa pampu za petroli. Msiichanganye na Java House, ambayo asili yake ni Nairobi. Sisi tuliichanganya. Tumeketi Oasis Mall, pale jirani na Garden City, tumeshaagiza, simu ikalia: Mama Bukavu.

"Mwalimu, miye niko hapa tangu zamani, nyiye muko wapi?"

"Hapa wapi, mama?"

"Kwa Java, si mulisema Java?"

Alikuwa Bugolobi, kwenye Java House. Alipanda boda akatufikia mayai yakiwa yamepoa, na hadi leo akisikia neno "Java" huuliza jina lote, la kwanza na la ukoo.

Sahani ya Café Javas ni ya mtu mwenye njaa ya kweli. Mayai, viazi, soseji, mkate, maharage, vyote vimejaa hadi ukingoni, na mimi na Mama Bukavu tukigawana sahani moja tunashiba. Sista, ambaye hajala tangu saa nne ya usiku, anaimaliza peke yake bila kusema neno. Pombe hawauzi na nyama ni halali, jambo linalotuondolea mimi na Afande ile kazi ya kumhoji mhudumu soseji imetoka kwa mnyama gani. Wahudumu ni wepesi. Ukiagiza, umeletewa.

Wepesi huohuo ndio unaoeleza ni mahali pa namna gani. Jumamosi baada ya saa tano familia zinaingia, mabibi na wajukuu, sherehe za kuzaliwa zenye keki, na hakuna anayekufukuza, ila mwenyewe unajiona umekalia kiti cha mtu. Tulikaa saa moja na robo. Kwa Mama Bukavu huo ulikuwa muda barabara. Afande alilalamika kwamba hata hoja yake ya pili hakuifikia.

Sasa chukua 1000 Cups, kule Buganda Road, barabara ya mahakama na maduka ya vinyago. Kwa Javas kahawa ni msindikizaji wa chakula; huku kahawa ndiye bwana harusi na chakula kimemsindikiza. Ukiingia na njaa ya zamu ya usiku umepotea njia. Sista alikula alichopata akaniangalia kwa jicho ambalo wagonjwa wake bila shaka wanalifahamu. Lakini Afande siku ile alikutana na kitu.

Aliletewa kahawa ya Bugisu ndani ya kile chombo cha kioo chenye chujio la kubonyeza. Mhudumu akamwambia asubiri dakika nne ndipo abonyeze. Afande ni Mnubi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, baba yake alikuwa mwanajeshi, na ukimwambia dakika nne atatazama saa. Alitazama. Akabonyeza polepole kwa kiganja, kahawa ikapanda pembeni yenye povu la rangi ya hudhurungi, akamimina, akainua kijiko cha sukari kama desturi yake. Kisha akaonja kwanza. Kijiko kikarudi kwenye bakuli na sukari yake.

"Hii ndiyo tunayowauzia Wazungu?"

Ndiyo hiyo, na ina kisa. Kahawa nyingi ya Uganda, kama sehemu nne kati ya tano, ni robusta, ambayo hapa ni kwao: bado inamea yenyewe katika misitu kama Kibale. Arabika ni ya milimani, miteremko ya Elgon kwa Wagisu, Rwenzori, na kule juu Zombo. Robusta ni nzito, chungu, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Hilo si jambo la kitaalamu tu. Sista siku ya kwanza alikunywa vikombe viwili bila kuuliza ni ipi, akaenda kulala, akaangalia dari mpaka magharibi. Siku hizi anaagiza chai ya maziwa. Ukitoka zamu ya usiku, uliza kwanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba nchi inayouza nje kahawa yote hiyo yenyewe inakunywa chai. Nenda nyumba yoyote ya Kiganda, utaletewa chai. Kahawa utapewa uitafune: buni zilizochemshwa na kukaushwa, ndiyo heshima ya mgeni. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana buni za tunda moja, kila mmoja na yake, wakawa wamekula kiapo. Mikahawa hii ya kisasa, basi, imemleta nyumbani mtoto aliyekuwa akilelewa ugenini.

Mie 1000 Cups ndiko ninakonunua kahawa ya kumpelekea mama Mombasa. Yeye huipika kwenye dele pamoja na tangawizi, dakika nne hazijui, na husema imetoka vizuri.

Kwa kifupi cha hawa wawili: njaa, watoto wa shangazi na haraka, nenda Javas. Kahawa, mtu mmoja au wawili na gazeti, nenda 1000 Cups. Mkiwa wanne na mmoja wenu ana njaa, msimpeleke Buganda Road.

Endiro tuliiendea Kisementi, Cooper Road. Kisementi ya usiku mnaijua: baa na muziki. Ya asubuhi ni mtu mwingine kabisa: chupa zimezolewa, muziki umezimwa, walinzi wanapiga miayo. Jina lenyewe ni la kile kikapu kidogo chenye mfuniko ambacho Wanyankole na Watooro huwekea ugali wa ulezi. Mkahawa ulianza 2011 na baadaye ulifungua tawi hadi Aurora, huko Illinois, Marekani. Kahawa yao hununua kwa wakulima wanawake wa Bududa, miteremko ya Elgon, ileile Bududa tunayoisikia kwenye habari kila mlima unapoporomoka wakati wa mvua. Mama Bukavu aliposikia hivyo alikaa kimya kidogo. Kwao nako milima inaporomoka.

Kwa mizani yangu, Endiro ndiyo iliyokaribia kuwaridhisha wote wanne. Chakula hakijai sahani kama kwa Javas, lakini ni chakula, si kitafunio. Kahawa ni nzuri bila kukupa kazi ya kuhesabu dakika. Na unakaa. Tulikaa saa mbili na dakika arobaini, Afande akatoa hoja zake zote kuhusu bei ya mafuta, na bili ilikuja tulipoiita. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa, msinicheke: bili ilikuja yenyewe, au uliiita?

Tena kulikuwa na jambo dogo. Zamani mhudumu wa Kampala akisikia meza inaongea Kiswahili, kwanza anatazama kama mmekuja na bunduki. Kiswahili hapa kilibeba sifa ya kambi za jeshi kwa miaka mingi, na Afande hawezi kusema wamekosea, maana chake alikipata kambini hasa. Tangu baraza la mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na kutaka kifundishwe shuleni, naona vijana wanajaribu. Yule binti wa Kisementi alituambia "karibuni sana, wazee wangu". Mama Bukavu akamuuliza, "Mzee ni nani hapa?" Lakini bakshishi alimpa.

Prunes iko Wampewo Avenue, Kololo. Inasimuliwa kwamba kilima kile kilipata jina kwa Awich, mtawala wa Kiacholi aliyefungwa pale na Waingereza, akawa analalama kwamba yuko "kololo", peke yake. Siku hizi Jumamosi huko hupati upweke. Kuna bustani, kuna pahali pa watoto kuchezea, na asubuhi ile tulikuta soko la wakulima: mboga, asali, mikate, jibini. Sista alikuja na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikimbia, akaanguka, akainuka, akapata rafiki, na mama yake alikula chakula cha moto kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, kwa maneno yake mwenyewe, ingawa yeye ni Mkristo na sijui Ramadhani iliingiaje.

Ukiwa na watoto, basi, usipoteze muda kulinganisha. Nenda Prunes. Usipokuwa nao, kumbuka kwamba watoto wa wenzako watakuwepo. Afande aliokota mpira mara sita. Endiro ni meza na mazungumzo, Prunes ni bustani na jua, na mvua ikinyesha Prunes hupoteza nusu ya sababu ya kuiendea. Machi hadi Mei tazama mawingu kabla hujapanda boda.

Kuna mmoja sitautaja jina. Uko juu ghorofani, una mandhari ya vilima karibu vyote, na picha zake mtandaoni ndizo zilizotuvuta. Spika ilikuwa juu ya kichwa cha Mama Bukavu. Tulisubiri saa moja na dakika kumi. Mayai yalikuja kwanza, mkate ukaja robo saa baadaye, kana kwamba wametoka mitaa tofauti. Kisha bili: imo juisi ya embe ambayo hakuna aliyeinywa, na juu yake kodi, ambayo kwenye menyu haikuonekana popote. Afande alisimama. Akisimama Afande, meza za jirani hunyamaza. Juisi ikafutwa, kodi ikabaki. VAT hapa ni asilimia 18, na mikahawa mingine huiweka ndani ya bei ya menyu, mingine huileta mwishoni kama shemeji asiyealikwa. Ulizeni kabla ya kuagiza, na bili isomwe kabla mtu hajatuma pesa kwa simu. Zikishatumwa, kuzirudisha ni safari.

Kwa mikahawa hii yote ya vilimani, mtu mmoja akila na kunywa kikombe kimoja, aandae kati ya shilingi za Uganda elfu arobaini na elfu hamsini, zaidi akitaka juisi. Hapo ndipo Mama Bukavu alipouliza swali lililotushusha bondeni. "Kwani chai ya saa tano ilianzia Kololo?"

Basi tukateremka Kisenyi.

Kisenyi, chini ya Old Kampala, ni mtaa wa Wasomali, na Kiswahili pale hakimshangazi mtu. Hoteli tuliyoingia haina menyu, ina mwanamume mlangoni anayekuambia kilichopo. Kilikuwepo anjera (ile chapati laini ya Kisomali), maini ya kukaanga na kitunguu na pilipili hoho, na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini. Anjera yao ni nyembamba, ina vitundu kama sega la nyuki, na haitaki uma. Unaikata kwa vidole vitatu, unaokota ini na mchuzi wake, na vile vitundu vinanyonya kila kitu mpaka sahani inabaki kama imeoshwa. Mama Bukavu aliagiza ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Sista alipata nyama na wali wa sahani nzima. Na mimi, bila kutarajia, nilipewa kikombe chenye harufu ya nyumbani: iliki, moshi kidogo, sukari kupita kiasi. Mbaazi hazikuwepo. Lakini kwa dakika kadhaa sikuzikumbuka.

Wanne tulilipa pesa ambayo Kololo ingemlisha mmoja na nusu.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Kahawa ya chujio hakuna, usiiulize. Viti ni vya plastiki. Makelele ni ya mtaa, malori yanateremsha mizigo mlangoni. Adhana ikiita, nusu ya hoteli inasimama, na mwenye hoteli naye anasimama, kwa hiyo ukifika karibu na adhuhuri utangoja. Afande alitutangulia kupanda mnara wa msikiti mkuu pale juu, ngazi 304, akasema ni kwa ajili ya kutengeneza njaa. Nani alimfuata? Hakuna. Lakini kukaa, tulikaa. Chai iliongezwa bila kuombwa, mzee wa meza ya pili akaingilia ubishi wa bei ya mafuta, na yeye ana malori, kwa hiyo Afande kwa mara ya kwanza alisikiliza.

Wandegeya nitapita haraka. Roleksi ni roleksi: mayai mawili, nyanya, kitunguu, kabichi kidogo, chapati juu yake, kunja, karatasi. Unamtazama kijana akiipika kwenye sigiri na inakwisha kwa dakika chache. Ni tamu na ni rahisi, wanafunzi wa Makerere wamelelewa nayo, lakini unaila umesimama, boda zikipita mgongoni. Marafiki wanne hawawezi kuzungumza wamesimama mstari mmoja kama wanaosubiri teksi. Ichukueni njiani.

Katogo vilevile kina saa yake. Ndizi zilizopikwa chungu kimoja na matumbo au maharage ni kiamsha kinywa cha kweli cha nchi hii, na hoteli ndogo za mjini hukimaliza mapema. Tulifika moja karibu na Nakasero saa tano kasorobo. Dada akapangusa mikono kwenye aproni. "Kaweddewo, ssebo." Kimekwisha. Mtu wa branchi na katogo hawatakutana kamwe, mmoja wao lazima aamke.

Kuhusu siku: Jumamosi mjini kati kuna foleni hadi mchana, lakini kila kitu kimefunguliwa. Jumapili barabara ni nyeupe mpaka saa nne na nusu, kisha makanisa yanatoka na mikahawa yote ya vilimani inajaa kwa pamoja. Kisenyi Jumapili ni kama Jumatatu. Mkiwa wengi, pigeni simu Endiro au Prunes mapema muwekewe meza.

Wiki iliyopita tulipiga kura tuchague pa kudumu. Mimi nilisema Endiro, kwa hoja, kwa mpangilio, kama mwalimu. Sista akasema Kisenyi kwa sababu ya wali. Mama Bukavu Kisenyi kwa sababu ya bei. Afande akafikiri sana, akasema kahawa anaipenda ya Buganda Road, ila yule mzee wa malori ana deni lake la jibu moja. Tatu kwa moja. Jumamosi hii saa tano, viti vya plastiki, na mimi nitakwenda na mfuko wangu wa mahamri nimepika mwenyewe, nimwombe yule mwanamume wa mlangoni kama ataniruhusu.